Msimamizi wa mirathi hawezi tena kazi: namna ya kumpata mwingine

Swali ninaloletewa sana mezani, hapa kwenye steshenari ya Ngamiani, Tanga, ninapochapa na kuwajazia watu fomu tangu nistaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo, ni hili: "Bi, baba alipofariki tulimweka ami awe msimamizi wa mirathi. Sasa ami kapata kiharusi, hasemi. Tufanyeje?" Wengine ami wao keshafariki naye. Wengine yuko Muscat kwa mwanawe na hana nia ya kurudi. Wengine mzee wa watu kachoka tu, miguu haimbebi hata kufika barabarani kupanda bajaji.

Wote naanza nao hapa: usimamizi haurithiwi. Mtoto wa msimamizi si msimamizi, hata kama ndiye aliyekuwa akimsindikiza baba yake mahakamani na funguo za nyumba anazo yeye. Mahakama ilimwamini mtu mmoja kwa jina lake, akatia saini dhamana yake, na atakayewekwa badala yake atawekwa na mahakama hiyo hiyo. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Kadhi atawapigia hesabu ya mafungu, mke thumni kama marehemu kaacha watoto, mwanamume mafungu mawili kwa moja la mwanamke, na hesabu hiyo ina kazi yake kubwa katika mirathi ya Kiislamu, lakini huku bara barua ya usimamizi haitoki kwake. Wala msimuandikishe ami hati ya uwakilishi ili mwanawe aendelee "kumsaidia". Karatasi ya namna hiyo nimeletewa imepigwa mihuri mpaka imejaa, na kaunta ya benki swali likabaki lile lile: aliyetajwa kwenye barua ya mahakama ni nani?

Kama marehemu aliacha wosia na akamtaja wasii, yaani mtu wa kuutekeleza, na wasii huyo amefariki au ameugua kabla hajafika mahakamani, hapo hamna wa kumtengua. Fungueni shauri la mirathi kama kawaida, mpeleke na wosia, mpendekeze mtu mwingine. Mahakama huangalia matakwa ya marehemu katika kumchagua msimamizi, ila haifungwi nayo mtu aliyetajwa akiwa hawezi. Na kama barua ya usimamizi ina majina mawili na mmoja ndiye aliyefariki, isomeni vizuri kabla ya kuhangaika. Yule aliyebaki bado ni msimamizi. Mpelekeeni hakimu cheti cha kifo cha mwenzake, muombe kuongezewa mtu ikiwa mnamtaka.

Faili kwanza

Kabla ya kikao na kabla ya nauli za watu kutoka Dar, tafuteni namba ya shauri. Imeandikwa kwenye barua ya usimamizi, ile tunayoiita Fomu Namba 4: Shauri la Mirathi namba fulani la mwaka fulani, mahakama fulani. Barua ikipotea, nendeni masjala ya mahakama hiyo na jina kamili la marehemu na mwaka mliofungua, karani atatafuta kwenye rejista. Jina kamili nasema, maana mtaani marehemu huenda alijulikana kwa jina la utani, na kwenye faili limo jina la kitambulisho.

Maombi ya kubadilisha msimamizi yanakwenda kwenye faili hilo hilo. Msifungue shauri jipya kwenye mahakama nyingine kwa kuwa iko karibu na shamba au kwa kuwa hakimu wake "haelekei kuwa mkali". Nimeona mirathi moja ina barua mbili, moja ya Tanga mjini na nyingine ya Muheza, kila upande umeshika yake, na mnunuzi wa shamba la michungwa katikati analia na pesa zake.

Faili pia litawaambia mko chini ya sheria ipi. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya sheria ya Kiislamu na ya kimila, na ina madaraka yake katika Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, pamoja na Kanuni za Tangazo la Serikali namba 49 la mwaka 1971. Kama barua yenu ilitoka mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, mnaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na kifungu cha kuangalia ni cha 49. Huko maombi huendana na hati ya kiapo na utaratibu mzito zaidi; tafuteni wakili. Ninayoyaeleza hapa ni ya mahakama ya mwanzo, ndiko familia nyingi za mjini hapa zinakopita.

Mkiwa mbele ya karani muulizeni swali moja la ziada: Fomu Namba 5 na Namba 6 zimo? Ya tano ni orodha ya mali na madeni, ya sita ni hesabu ya namna mali ilivyogawanywa. Ikiwa zimo zote, zimepokewa na faili limefungwa, basi ami alimaliza kazi na hakuna usimamizi wa kutengua. Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo. Anayeona alipunjwa ana njia nyingine ya kudai, siyo hii. Lakini kwa faili nyingi nilizozipanga mimi kwenye makabati yale, fomu hizo hazimo. Watu huchukua barua, wakatoa pesa benki, wakagawana sebuleni, wakasahau mahakama ipo.

Sababu iwe ya kweli

Kanuni ya 9 ya lile Tangazo namba 49 inataja sababu za kutengua uteuzi, miongoni mwake: kwamba ulipatikana kwa udanganyifu, kwamba mahakama iliteua bila kujua mambo fulani ya msingi, kwamba uteuzi hauna tena kazi wala maana, na kwamba msimamizi anakwenda kinyume na masharti au anawaumiza warithi na wadai kwa makusudi au kwa uzembe. Msimamizi aliyefariki, aliyepooza, aliyepoteza kumbukumbu, huyo ni wa sababu ya uteuzi usio na kazi tena. Mwandikeni hapo, mwishie hapo.

Nasema hivyo kwa kuwa watu hudhani maombi yasiyo na tuhuma hayana uzito. Familia moja ilikuja na barua imeandikwa na kijana anayewaandikia watu nje ya geti la mahakama, "amefuja mali ya marehemu", juu ya mzee anayelishwa uji kwa kijiko. Watoto wa mzee walipopata nakala walikuja mahakamani na wakili. Jambo la kupeleka barua ya daktari na kusikilizwa likageuka kesi ya mashahidi, na ndugu wakaacha kuzikana. Kama kweli mali imeliwa, litajulikana kwenye hesabu. Subirini hesabu.

Ushahidi unategemea kilichotokea. Aliyefariki, cheti cha kifo. Aliyehama, barua yake mwenyewe ya kujiuzulu, imesainiwa mbele ya wakili huko aliko au ubalozini. Mzee aliyechoka na akili zake timamu, mleteni; hakimu anapenda kusikia kwa mdomo wake, na mzee mwenyewe hutoka pale na heshima yake, kakabidhi kazi mbele za watu. Kuna waliokataa kujiuzulu kwa miaka, na siku walipoambiwa mahakama itawashukuru na kuandika kwenye mwenendo kwamba wamekabidhi, wakakubali mara moja.

Mgonjwa ndiye mwenye shughuli. Barua ya daktari isemayo "anasumbuliwa na presha" haiwasaidii kitu. Nusu ya Tanga ina presha. Muombeni daktari wa Bombo, au wa hospitali yoyote anakotibiwa, aandike kile ambacho mgonjwa hawezi: hawezi kusema, hawezi kushika kalamu, haelewi anachoulizwa, na hali hiyo haitegemewi kubadilika karibuni. Tofauti ya kutoweza kuandika na kutoelewa ni kubwa. Anayeelewa atikise kichwa na atie dole gumba, hata la mkono wa kushoto, kwenye barua ya kujiuzulu mbele ya mashahidi wasio warithi. Asiyeelewa msimshike mkono mkamchovya kwenye wino. Hilo nimelikuta kwenye karatasi, dole limepakwa kama limeburuzwa, na hakimu aliligundua bila kuambiwa.

Barua yenyewe haihitaji Kiswahili cha bungeni. Mimi huwachapia hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUTENGUA UTEUZI WA MSIMAMIZI NA KUTEUA MWINGINE, SHAURI LA MIRATHI NAMBA … LA MWAKA …

Mheshimiwa Hakimu, sisi tuliotia saini hapa chini ni warithi wa marehemu … Mahakama hii ilimteua … kuwa msimamizi wa mirathi tarehe … Tangu tarehe … ni mgonjwa wa kiharusi, na kwa barua ya daktari tuliyoambatanisha hawezi kusema wala kuandika. Hadi hapo alikuwa amekusanya … na hajagawa … Tunaomba uteuzi wake utenguliwe kwa kuwa hauwezi tena kufanya kazi, na tunampendekeza …, ambaye ni … wa marehemu, ateuliwe badala yake."

Mnaambatanisha nakala ya barua ya usimamizi ya zamani, ushahidi, muhtasari wa kikao na vitambulisho. Ada mnalipa kwa namba ya malipo ya serikali na risiti mnapewa. Anayetaka taslimu mkononi mpisheni. Nakala ya barua iende kwa msimamizi wa zamani au nyumbani kwake. Ana haki ya kujua na kusikilizwa, na akiipata mahakamani kwa mara ya kwanza atakuja na hasira, kwa haki kabisa.

Kikao na mtu wa kumpendekeza

Hakuna kifungu kinacholazimisha muhtasari wa kikao cha familia. Nawaambia mjue tu, asije mtu mmoja akagoma kusaini akadhani amezuia mirathi ya wote. Lakini hakimu atauliza mlikubaliana wapi, na karatasi yenye majina inamrahisishia. Andikeni tarehe, mahali, waliokuwepo na uhusiano wa kila mmoja na marehemu, walioshindwa kufika na kwa nini, na aliyependekezwa. Mwenyekiti wa kikao asiwe yule yule anayependekezwa. Wake wote wa marehemu waandikwe, na yule wa Pangani ambaye bibi mkubwa hataki kumsikia. Na watoto wote. Mkimficha mmoja leo mnampa kesho sababu ya kuutengua uteuzi mpya, kwamba mahakama haikujua. Mkimaliza pitisheni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri.

Kuhusu mtu: awe mtu mzima, mwenye akili timamu, anayehusika na mirathi hiyo. Mume wa dada yenu, hata kama ni mhasibu hodari, si mtu wa kwanza. Familia ikiwa vipande viwili visivyosalimiana, muombeni hakimu. Ana madaraka ya kumteua ofisa wa mahakama au mtu mwaminifu asiye na upande, akisimamia peke yake au pamoja na wenu.

Mimi napenda wawe wawili, na mmoja awe mwanamke, kwa kuwa wanawake wa nyumbani ndio wanaojua nani kapanga chumba kipi na nani anadaiwa. Ila wote wawili wakae karibu. Saini mbili, mmoja Raskazone na mwingine Dubai, maana yake kila karatasi inasubiri ndege.

Makabidhiano, na simu ya ami

Hapa ndipo mirathi nyingi zinapokatika. Hakimu atamtengua ami kwa siku moja. Kujua alichokuwa amekishika ni kazi.

Chukueni nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, vyumba sita na fremu mbili za duka kwa mbele. Ami alikuwa anapokea kodi kwenye simu yake. Ami kaanguka. Wapangaji, wasio na habari, mwezi unaofuata wametuma pesa kwenye namba ile ile, na mjukuu anayejua namba ya siri akatoa, akanunua dawa na nepi za mgonjwa, na labda na vocha zake. Hajaiba kwa maana anayoielewa yeye. Lakini zile ni pesa za yatima na wajane, siyo za ami.

Basi wiki hiyo hiyo ya kuugua, bila kungoja mahakama, fanyeni haya. Waambieni wapangaji wasitume kwenye simu. Mkubaliane wote kwa maandishi mtu mmoja wa kupokea kwa muda, anayeandika kwenye daftari na kutoa risiti yenye nakala, na pesa asiigawe wala kuitumia zaidi ya lazima za nyumba. Lazima ni kama kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye luku, na pango la ardhi. Kisha muwe wa kwanza kumweleza hakimu mlivyofanya, mkiomba maelekezo. Hakuna kuuza kitu, hakuna kupangisha upya fremu kwa mkataba wa miaka. Nyumba ikiwa na hati na mnahisi kuna anayetaka kuiuza, nendeni ofisi ya ardhi mkaombe kuweka zuio kwenye hati.

Halafu kusanyeni hesabu ya nyuma. Muombeni hakimu amwagize msimamizi wa zamani, au wanaomtunza, wakabidhi vitu na hesabu. Taarifa ya miamala ya simu, mikataba ya wapangaji, risiti, daftari la mkulima anayewatunzia minazi. Msitegemee kupata kila senti. Pangeni kwa miezi, mwezi usio na karatasi uandikwe "haijulikani", hakimu apewe hivyo hivyo. Hesabu yenye mapengo yaliyotajwa inaaminika kuliko iliyojaa kila mahali kwa wino mmoja.

Ami akiwa amefariki, karatasi zimo kabatini kwa mkewe, na mkewe yuko eda, miezi minne na siku kumi. Wanaume wa familia husimama barazani wakapiga hodi na kudai hati. Msifanye hivyo. Mtumeni shangazi au binti anayeruhusiwa kuingia ndani, na orodha ya vinavyotafutwa, na daftari la kuandika alichopewa. Bibi akitoa bahasha, ifunguliwe mbele yake, kila karatasi iandikwe kwenye daftari, atie saini na apewe nakala. Kinachomwogopesha ni kuja kuambiwa kesho kwamba alificha. Na kama ami alikula mali, madai yanakuwa juu ya mirathi ya ami mwenyewe. Mjane hadaiwi mfukoni mwake.

Jambo jingine la kukagua ni hati. Ardhi iliyosajiliwa, mwenyewe akifariki, msimamizi huomba kuandikishwa badala yake kwa kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Kwa hiyo huenda hati ya nyumba ya baba yenu leo inasoma jina la ami. Watoto wa ami wanaliona jina la baba yao wala hawayasomi maneno yanayolifuata, kwamba yumo kama msimamizi wa mirathi ya fulani. Waonyesheni maneno hayo mapema, kwa utulivu, kabla hawajamwonyesha mnunuzi.

Siku ya mahakama na baada yake

Mahakama itatoa tangazo, na mwenye pingamizi aje ndani ya muda ulioandikwa humo. Siku ya kusikilizwa nendeni wengi, siyo kwa kelele, ila hakimu akiuliza "nani anapinga?" awaone. Uteuzi wa zamani ukitenguliwa, barua ile halisi inarudishwa mahakamani. Msiiache ibaki nyumbani kwa mtu ati kwa kumbukumbu. Mpya anajaza dhamana, huja na wadhamini wake, anapewa barua yake. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya.

Barua mpya ikitoka, ombeni nakala kadhaa zilizothibitishwa na mahakama, maana benki itachukua moja, ardhi moja, mwajiri au mfuko wa pensheni moja. Wapangaji waandikiwe siku hiyo hiyo kwamba kodi sasa inalipwa wapi. Kama marehemu alikuwa na kiwanja Pemba, kama walivyo wengi wetu wenye jamaa Wete na Mkoani, msiende nacho kwa barua ya Tanga mkitegemea itatosha; Zanzibar ina mahakama zake, na Mahakama ya Kadhi ya kule ndiyo ya kuanzia kuuliza.

Kisha msimamizi mpya ana miezi minne kurudisha Fomu Namba 5 na Namba 6, na akiona haitoshi aandike kuomba nyongeza kabla hazijaisha. Fomu zenyewe zipo kwa karani, msinunue kwa vishoka. Na kwenye ile ya tano msiandike "nyumba moja, Ngamiani". Andikeni barabara ya ngapi, kitalu na namba ya kiwanja, vyumba vingapi, fremu ngapi na nani yumo kwa kodi gani, banda la uani, kisima, na mnazi ulio uani kama una mtu anayeukwea na kuuza madafu yake.